Kumpokea Mtoto Mwenye Sindromu ya Down Katika Familia: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Familia nyingi zinazopata mtoto mwenye sindromu ya Down hukwama mahali pale pale. Mapenzi hayajapungua na bidii ipo, lakini kila mtoto anaposhindwa kunyonya, anapozubaa, anapochelewa kukaa au anapougua kifua mara kwa mara, wazazi huambiwa, na wao wenyewe huishia kuamini, kwamba watoto hawa ndivyo walivyo. Miezi hupita. Baadaye hugundulika kwamba moyo ulikuwa na tundu, au masikio yalijaa majimaji, au tezi ya shingoni haikuwa ikifanya kazi, na kwamba yote hayo yangeshughulikiwa mapema.

Mwongozo huu umepangwa ili kuzuia kosa hilo. Unamfuata mtoto tangu anapozaliwa hadi anapokaribia kuanza shule. Kromosomu ya ziada, yaani uzi wa ziada wa vinasaba ndani ya seli unaosababisha hali hii, haiondoki, lakini mengi ya yale yanayomrudisha mtoto nyuma yana jina lake, kipimo chake na tiba yake. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari. Yanakusudiwa kukufikisha kwa daktari mapema, ukiwa na maswali yanayofaa.

Kama unampokea mtoto kwa kumwasili, na tayari ana mwaka mmoja au mitatu, usianzie katikati. Pitia hatua zote, kwa sababu kipimo kilichorukwa bado kinadaiwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari gumu moja lisilotumika kwa jambo jingine. Humo utaandika uzito, nyakati za kunyonya, tarehe za vipimo na maneno ya daktari. Kumbukumbu ya mzazi aliyechoka haitoshi.
- Faili ya majibu ya vipimo. Omba nakala ya kila jibu. Mtoto huyu atahudumiwa na wataalamu wengi, na mara nyingi wewe ndiye utakayebeba taarifa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.
- Kipimajoto cha mwili.
- Kikombe kidogo kisafi, kijiko, na chombo chenye kifuniko cha kuhifadhia maziwa yaliyokamuliwa.
- Saa yenye kengele. Sababu yake utaiona katika Hatua ya 3.
- Simu yenye kamera. Mtoto akipumua kwa shida au akikoroma usiku, video fupi humweleza daktari zaidi ya maneno mengi.
- Mtu mmoja mnayemwamini wa kuandamana nanyi kliniki, kwa sababu mzazi aliyepokea habari nzito husikia nusu tu ya maelezo.

Virutubishi, mafuta na dawa za kuchangamsha ubongo havimo katika orodha hii kwa makusudi. Hakuna dawa yoyote inayoondoa kromosomu ya ziada, na wanaouza matumaini hayo huwajia wazazi wakati wakiwa dhaifu zaidi. Fedha hiyo iwekeni kwa ajili ya kipimo cha moyo.

## Hatua ya 1: Mbebeni mtoto, mpeni jina, kisha mzungumze wazazi wote wawili

Anzeni na mtoto kabla ya karatasi. Kama hali yake inaruhusu, mlazeni kifuani ngozi kwa ngozi, kwa kuwa joto la mzazi humtuliza mtoto mchanga na huchochea maziwa ya mama kutoka. Mwiteni kwa jina. Jina mlilomchagulia kabla hamjajua lolote bado ni lake.

Mara nyingi mama hupewa habari akiwa peke yake, kisha huachiwa mzigo wa kumweleza baba. Ombeni daktari arudie maelezo mkiwa pamoja, mtoto akiwa mikononi mwenu. Maelezo yanayopita kwa mdomo wa mtu aliyeshtuka hufika yakiwa yamepinda, na kupinda huko ndiko kunakozaa lawama.

Chanzo chenyewe kieleweke vizuri. Kwa kawaida seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Mtoto mwenye sindromu ya Down ana kromosomu ya 21 ya ziada, nzima au sehemu yake, na mara nyingi tofauti hiyo huanzia wakati yai au mbegu inapoundwa. Chakula alichokula mama, kazi aliyofanya, ugomvi aliokuwa nao au huzuni aliyopitia havikuisababisha. Uwezekano wake huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, lakini watoto wengi wenye sindromu hii huzaliwa na akina mama vijana, kwa sababu hao ndio wanaozaa zaidi.

Huzuni ikija, iacheni ije. Mzazi anaweza kumlilia mtoto aliyemtarajia na kumpenda mtoto aliyempata siku hiyo hiyo, na hakuna usaliti wowote ndani yake.

Tahadhari: huzuni ya mama inayozidi wiki 2, inayomnyima usingizi hata mtoto anapolala, au inayomletea mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni ugonjwa unaotibika. Mawazo ya kudhuru yakitokea, msisubiri siku ipite.

Utajua mmefanikiwa kila mmoja wenu anapoweza kueleza chanzo cha hali ya mtoto kwa sentensi moja au mbili, bila kumtaja mwenzake kama mkosaji.

## Hatua ya 2: Katika siku za kwanza, hakikisheni njia ya chakula iko wazi na damu imepimwa

Baadhi ya watoto hawa huzaliwa na utumbo ulioziba au usiosukuma choo ipasavyo. Kuna dalili 3 ambazo hazingoji asubuhi: matapishi ya rangi ya kijani, tumbo lililojaa na kuwa gumu, na mtoto kutopata choo cha kwanza ndani ya saa 24 hivi tangu kuzaliwa. Matatizo haya mengi hurekebishwa kwa upasuaji, na matokeo huwa mazuri zaidi pale mtoto anapofika hospitali kabla hajaishiwa nguvu.

Ombeni pia hesabu kamili ya seli za damu katika siku za mwanzo. Sehemu ndogo ya watoto wachanga wenye sindromu ya Down huwa na ongezeko la muda la seli nyeupe zisizo za kawaida. Kwa wengi hali hiyo hutoweka yenyewe, lakini aliyekuwa nayo anapaswa kufuatiliwa kwa karibu, kwa kuwa uwezekano wake wa kupata saratani ya damu katika miaka ya mwanzo ni mkubwa kuliko wa wenzake. Manjano ya macho na ngozi nayo yaangaliwe kila siku kwenye mwanga wa jua.

Kipimo cha kromosomu hufanywa kwa kuchukua damu kidogo, na majibu yake huweza kuchukua siku hadi wiki kadhaa. Msikifanye kuwa sababu ya kuchelewesha vipimo vingine. Takriban asilimia 95 ya watu wenye sindromu ya Down wana kromosomu ya 21 iliyo kamili na ya ziada katika kila seli. Asilimia 3 hadi 4 wana kipande cha ziada kilichoungana na kromosomu nyingine. Na waliobaki wana mchanganyiko wa seli zenye ziada na zisizo na ziada.

Aina ya pili ndiyo inayogusa mipango ya familia, kwa sababu wakati mwingine hurithiwa kutoka kwa mzazi mwenye afya kamili. Jibu likionyesha aina hiyo, wazazi wote wawili wapimwe kabla ya kupanga mimba nyingine.

## Hatua ya 3: Simamieni kunyonya kwa saa, wala si kwa kilio

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza wiki za kwanza. Mtoto mwenye sindromu ya Down huwa na misuli laini, ikiwemo ya midomo, mashavu na ulimi. Huchoka upesi, hulala sana, na anaweza asilie hata akiwa na njaa. Jirani atamsifu kuwa ni mtoto mtulivu. Utulivu huo waweza kuwa njaa.

Weka kengele ya saa ilie kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana, hadi uzito wake utakapothibitisha kwamba anashiba. Kabla ya kumnyonyesha, mwamshe taratibu: mfungue nguo, mbadilishe nepi, msugue nyayo, mfute uso kwa kitambaa chenye unyevunyevu.

Mkalishe mwili wake ukiwa umeinuka, kichwa kikiwa juu ya kiwango cha tumbo, ili maziwa yasimkimbilie kooni kwa kasi asiyoimudu na yasipande kuelekea masikioni. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja.

Akishika chuchu na kuiachia mara kwa mara, tegemeza kidevu chake. Shika ziwa kwa vidole vitatu vya mwisho vikiwa chini, kisha acha kidole gumba na kidole cha shahada mbele ya chuchu vifanye umbo la herufi U. Kidevu cha mtoto kikae ndani ya umbo hilo, vidole viwili vikigusa mashavu pande zote. Msaada huu mdogo huzuia taya kushuka na humpunguzia kazi. Wengi huuhitaji kwa wiki kadhaa, kisha nguvu huongezeka.

Baada ya kunyonyesha, kamua maziwa yaliyobaki na umpe kwa kikombe. Ukamuaji una faida mbili: mtoto hupata kile alichoshindwa kuvuta, na matiti huendelea kupokea ishara ya kutengeneza maziwa. Kikombe kiinamishwe hadi maziwa yaguse mdomo wa chini, mtoto ayachukue mwenyewe. Usimmiminie.

Wako watoto ambao, pamoja na juhudi zote, hawataweza kunyonya titi vya kutosha. Mama aliyefika hapo hajashindwa. Maziwa yake yaliyokamuliwa ni maziwa yale yale, na kama hayatoshi, daktari ataelekeza maziwa mbadala yanayofaa.

Tahadhari: kupaliwa kila anaponyonya, sauti ya maji kooni, midomo kubadilika rangi au kuugua kifua mara kwa mara huweza kuwa ishara kwamba maziwa yanaingia kwenye njia ya hewa. Dai apimwe namna anavyomeza. Jasho kichwani na kuhema wakati wa kunyonya ni suala la Hatua ya 4, na usilisubirishe.

Utajua umefanikiwa kwa mizani na kwa nepi. Kuanzia karibu siku ya 5, nepi ziwe 6 au zaidi zilizolowa kwa siku, na ifikapo wiki ya 2 mtoto awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao au amekaribia sana. Ipo chati ya ukuaji iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye sindromu ya Down. Iombe, kwa sababu chati ya kawaida pekee huweza kukutia hofu isiyo na msingi. Lakini mtoto asiyeongezeka uzito kabisa hana udhuru katika chati yoyote. Sababu itafutwe.

## Hatua ya 4: Moyo upimwe mapema, hata kama daktari hasikii lolote

Kama mtafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi ya kasoro kubwa hazitoi sauti yoyote katika wiki za mwanzo. Daktari anaweza kumsikiliza mtoto kwa makini, asisikie kitu, na tundu likawepo.

Kwa hiyo msitosheke na kusikilizwa kifua. Ombeni kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho hospitalini huitwa eko, ndani ya wiki za kwanza za maisha. Hakichomi, hakiumizi, na humwonyesha mtaalamu kuta na valvu za moyo zikifanya kazi.

Wazazi waelewe kwa nini muda ni mfupi. Kasoro inayopatikana sana kwa watoto hawa ni tundu kubwa katikati ya moyo linalounganisha vyumba vya juu na vya chini. Damu nyingi kupita kiasi husukumwa kwenye mapafu, na mishipa ya mapafu huanza kukakamaa ili kujikinga. Upasuaji wake mara nyingi hupangwa mtoto akiwa na umri wa miezi 3 hadi 6. Ukicheleweshwa mno, mishipa huharibika kiasi kwamba kuziba tundu hakusaidii tena na kunaweza kuhatarisha maisha.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba mtoto anaweza kuonekana anapata nafuu wakati uharibifu unaendelea: kuhema kunapungua, jasho linakauka, familia inafarijika. Kama aliwahi kuambiwa ana tundu, nafuu ya namna hiyo isiwaondoe kliniki.

Nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkiona anahema haraka akiwa amelala, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, anatoka jasho na kuchoka anaponyonya, au midomo na ulimi vinageuka rangi ya bluu. Mrekodini kwa simu mkiwa njiani kama hilo haliwacheleweshi.

Utajua mmefanikiwa mtakapokuwa na karatasi ya majibu ya eko kwenye faili, yenye tarehe na jina la kasoro iliyoonekana au maelezo kwamba haikuonekana, pamoja na tarehe ya kurudi iwapo inahitajika. Maneno ya mdomo kwamba moyo uko sawa hayatoshi.

## Hatua ya 5: Masikio, macho na tezi viwe na tarehe zake kwenye daftari

Mambo haya matatu ndiyo yanayosingiziwa sindromu kuliko mengine yote, kwa sababu dalili zake ni zile zile ambazo watu huzitarajia kwa mtoto huyu: kuzubaa, kuchelewa kusema, kulala sana.

Masikio. Njia za masikio ya watoto hawa huwa nyembamba, na majimaji hujikusanya kwa urahisi nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto anayesikia kana kwamba yuko chini ya maji hawezi kujifunza maneno, hata akili yake ingekuwa ya namna gani. Apimwe usikivu baada ya kuzaliwa, kisha kila miezi 6 hadi itakapothibitika kwamba kila sikio linasikia vizuri, halafu kila mwaka. Jibu zuri la mwaka jana halihesabiki mwaka huu.

Macho. Mtoto wa jicho anaweza kuwapo tangu kuzaliwa. Mboni yenye weupe ionekane na daktari mara moja. Hata pasipo dalili yoyote, mtaalamu wa macho amwone kabla hajatimiza miezi 6. Makengeza na hitaji la miwani ni mambo ya kawaida kwa watoto hawa, na mtoto mdogo huvaa miwani vizuri tu akiizoeshwa dakika chache chache.

Tezi ya thairoidi. Tezi hii iliyo shingoni hutengeneza homoni ambayo ubongo wa mtoto mchanga hauwezi kukua vizuri bila hiyo. Ipimwe kwa damu baada ya kuzaliwa, kisha akiwa na miezi 6, miezi 12, na kila mwaka baada ya hapo, maisha yake yote. Ikigundulika kuwa dhaifu, matibabu yake kwa kawaida ni kidonge kimoja kwa siku. Ikiachwa, akili inayopotea katika miezi ya mwanzo hairudi. Kufunga choo kwa muda mrefu, ngozi kavu, ubaridi wa mwili na uchovu ni sababu za kupima hata kabla ya tarehe.

Chanjo zote zitolewe kwa wakati wake, kwa kuwa kinga ya watoto hawa huwa dhaifu zaidi dhidi ya magonjwa ya kifua.

## Hatua ya 6: Waambieni ndugu mapema, kwa maneno yenu

Familia nyingi hungoja mpaka zijisikie tayari. Tatizo ni kwamba habari haingoji. Itatoka kwa mtu mwingine, kwa sauti ya msiba, na mtalazimika kufariji watu badala ya kumlea mtoto.

Pangeni maneno machache mtakayoyatumia wote wawili. Kwa mfano: “Mtoto wetu amezaliwa, na jina lake mtalisikia leo. Ana sindromu ya Down, kwa hiyo atajifunza mambo polepole zaidi na atahitaji vipimo kadhaa vya afya. Tumefurahi kuwa naye, na tunaomba mje kumwona kama mnavyokwenda kumwona mtoto yeyote.” Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu watu hushindwa kujua kama waje kupongeza au kutoa pole. Waambieni waje kupongeza.

Babu na bibi wapewe muda wao. Wengi wanakumbuka enzi ambazo watoto hawa hawakuishi miaka mingi. Leo, palipo na matibabu mazuri ya moyo na maambukizi, wengi huifikia miaka 60. Habari hiyo hubadilisha mazungumzo kuliko mahubiri yoyote.

Kisha wapeni kazi. Ndugu aliyeambiwa aje kila Jumanne ashike mtoto wakati mama analala huwa mshirika. Aliyeachwa bila kazi hubaki na maoni tu.

Watakuja pia wenye ushauri wa tiba za siri, na wengine watakuja na imani zao. Maombi ya familia na vipimo vya hospitali havigombani hata kidogo. Kinachogombana na vipimo ni yule anayesema kwamba mtoto akishaombewa, au akishapewa dawa fulani, hapaswi tena kupelekwa kliniki. Hapo wazazi wawe kitu kimoja na wakatae kwa heshima.

Tahadhari: mtoto aliyefichwa ndani hukosa chanjo, hukosa vipimo, na hukosa wa kumgundua anapozidiwa. Kumficha ni hatari ya kiafya, mbali na kuwa ni dhuluma.

## Hatua ya 7: Ingizeni mazoezi ndani ya shughuli za kila siku

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone mtoto katika miezi ya mwanzo, bila kusubiri achelewe. Misuli laini na viungo vinavyonyumbulika kupita kiasi humfanya mtoto abuni njia zake za mkato, kama vile kukaa akiwa ametawanya miguu mno, na njia hizo huja kumzuia kusimama vizuri. Kazi ya mtaalamu ni kuwafundisha ninyi. Nusu saa ya kliniki kwa wiki haiwezi kushinda saa zote za nyumbani.

Mlaze kifudifudi akiwa macho, ukiwa mbele yake, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Usingizini alale chali. Unapombeba, weka mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, kwa sababu akiinuliwa kwa kushikwa makwapani huteleza na mabega hayana nguvu ya kumzuia. Vikalio vya magurudumu vya kumfanya atembee upesi viacheni: humfundisha kuning’inia, na huleta ajali.

Wengi hutembea wakiwa na umri wa karibu miaka 2, wengine mapema zaidi, wengine hadi miaka 4. Msimpime kwa mtoto wa jirani wala kwa mtoto mwingine mwenye sindromu hii. Mpimeni kwa ukurasa wa daftari wa miezi 3 iliyopita: kuna jambo analoliweza leo ambalo wakati ule hakuliweza? Likiwapo, mazoezi yanafanya kazi. Lisipokuwapo, rudini Hatua ya 4 na ya 5 kabla ya kuongeza mazoezi.

## Hatua ya 8: Mpeni njia ya kuwasiliana kabla ya maneno

Watoto hawa kwa kawaida huelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka, na pengo hilo ndilo chanzo cha hasira nyingi zinazoitwa ukaidi. Tumieni ishara za mikono pamoja na neno lenyewe: kula, maji, zaidi, basi, inauma. Ishara hazimchelewishi mtoto kusema. Humshikia nafasi ya neno hadi ulimi uwe tayari.

Uwezo wao wa kujifunza kwa macho mara nyingi huwa mzuri kuliko wa kujifunza kwa kusikia. Onyesheni kitu mnachokitaja, tumieni picha, na msisubiri aseme ndipo mmwonyeshe maandishi. Wapo wanaotambua maneno yaliyoandikwa kabla ya kuyatamka vizuri.

Ukimuuliza jambo, nyamaza na uhesabu hadi 10 moyoni. Ukimya huo ni mgumu kwa mzazi, lakini akijibiwa na wengine kila mara hujifunza kwamba zamu yake haifiki. Nyumba yenye lugha mbili iendelee na lugha zake mbili. Watoto wenye sindromu ya Down wanaweza kujifunza zote, na kumkatia lugha ya nyumbani ni kumtenga na watu wake.

## Hatua ya 9: Kila badiliko litafutiwe sababu

Mtoto akishazoeleka, uangalifu hulegea. Kuna mambo machache ya kuendelea kuyaangalia.

Kukoroma, kusita pumzi usingizini, kulala akiwa amekunja mwili kama aliyeinama, au ukorofi na usingizi wa mchana huashiria njia ya hewa inayoziba usiku. Usingizi wake upimwe kitaalamu kabla ya kufikia miaka 4, hata kama mnadhani analala vizuri.

Mifupa ya juu ya shingo huweza kuwa haijakazana. Maumivu ya shingo, kichwa kuinama upande mmoja, kubadilika kwa mwendo, mikono kuishiwa nguvu, au kuanza tena kujikojolea kwa mtoto aliyekwisha kuacha, vyote vyahitaji daktari haraka. Michezo ya kupinduka kwa kichwa aikwepe, na kabla ya upasuaji wowote mtaalamu wa dawa za usingizi akumbushwe kuhusu shingo.

Mtoto aliyekuwa mchangamfu akibadilika ghafla, anzeni na maumivu, masikio na tezi kabla ya kukubali kwamba ni tabia. Na mtu akiwajibu kwamba ni kwa sababu ya sindromu, ulizeni swali hili kwa upole: “Kama mtoto asiye na sindromu ya Down angeletwa na dalili hizi, mngempima nini?” Kisha ombeni apimwe hivyo hivyo.

## Hatua ya 10: Mpeni nafasi yake nyumbani, kisha shuleni

Kaka na dada waelezwe ukweli kwa kadiri ya umri wao, na waruhusiwe kuuliza na hata kukasirika. Wasigeuzwe walezi. Kila mmoja apate muda wake na mzazi bila mtoto mdogo kuwapo, hata kama ni mfupi, na muda huo uheshimiwe.

Sheria za nyumba ziwe moja. Kumwachia mtoto huyu apige wenzake kwa sababu “hajui” ni kumwandalia upweke ukubwani. Atafundishika, ila kwa marudio mengi zaidi na kwa maneno machache: mwonyeshe, mfanye naye, mwachie amalizie sehemu ya mwisho, kisha sehemu mbili za mwisho, hadi aifanye kazi yote.

Akifika miaka 2 au 3, awe na kazi yake ya kila siku, ndogo lakini ya kweli, ambayo mwingine haifanyi kwa niaba yake: kupeleka viatu mahali pake, kugawa vijiko mezani. Andikeni daftarini siku aliyoifanya bila kukumbushwa.

Mipango ya shule ianze angalau mwaka mmoja kabla. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unatambua haki ya elimu jumuishi, na nchi nyingi zimeuridhia. Mnakwenda shuleni kupanga namna atakavyosoma, wala si kuomba hisani. Mpelekeeni mwalimu ukurasa mmoja tu: jina la mtoto, anachoweza kufanya mwenyewe, ishara anazotumia, jinsi anavyoomba kwenda msalani, upande anaosikia vizuri zaidi, dalili za shingo za kuangalia, na namba ya simu ya kupiga. Mwombeni amkalishe mbele, na mrudi kuonana naye baada ya wiki 4 mkiwa na daftari.